Majina Sita ya Ijumaa

London, 12 Mei 2025

Mwalimu Asila,

Shikamoo. Ni Wakil, yule wa darasa la nne aliyekuwa akikaa karibu na dirisha. Sasa nina miaka sitini na saba na nimestaafu uandishi wa habari. Mjukuu wako Nasima ameniambia masikio yako hayashiki simu tena, kwa hivyo nakuandikia. Yeye atanipigia picha majibu yako na kukuchapishia yangu.

Kuna kampuni inatengeneza filamu juu ya baba yako, Jamil bin Sleiman, na imeniajiri nihakiki mambo. Hadithi yao ni hii: karani wa meli kutoka Unguja anakwama Hamburg vita vinapoanza mwaka 1939. Manazi wanamchukua asome matangazo ya Kiarabu katika redio ya Berlin. Kumbe ni jasusi wa Waingereza. Kila Ijumaa anamaliza kwa kuwasalimia watu wa kwao, na ndani ya salamu mna siri.

Faili lake limefunguliwa mwaka jana katika nyumba ya nyaraka hapa. Nitaanza kulisoma wiki ijayo. Nieleze kwanza unachokijua wewe, na kama unataka nikwambie nitakachokikuta. Wengine hawataki.

Mwanafunzi wako,
Wakil

*

Malindi, Unguja, 19 Mei 2025

Mwanangu Wakil,

Marahaba. Nakukumbuka. Ulikuwa ukiacha nafasi tupu kwenye hesabu usizoziweza, nikakuchapa mpaka ukajifunza kuandika "sijui".

Baba simjui. Nilizaliwa miezi mitatu baada ya vita kuanza, naye yuko huko. Ninachokijua ni nilichoitwa: mtoto wa Mjerumani. Skuli nimeitwa, bombani nimeitwa, na siku ya harusi yangu mtu alinong'ona nikamsikia, maana wakati ule nilikuwa nasikia. Mama yangu, Salhiya, hakuolewa tena na hakukaa eda ya mjane. Hakuna aliyemwambia mumewe kafa, na mke asiyeambiwa hakai eda. Alikufa mwaka 1991, si mke wala si mjane.

Ninachokitaka ni kimoja. Kila mwezi wa Shaaban, na kila akifa mtu wetu, ukoo wa mama husoma khitma ya kuwaombea marehemu, na majina yao husomwa kwenye karatasi. Karatasi hiyo anayo Abrahman bin Kheir, mtoto wa mjomba wangu, anakaa Kendwa. Ndiye mkuu wa ukoo sasa. Jina la baba halijapata kuandikwa humo. Mjomba Kheir alikufa kizuizini wakati wa vita, na wao wanasema baba yangu ndiye aliyemuuza. Upande wa baba hakubaki mtu Unguja wa kumsomea.

Nina miaka themanini na tano na daktari anasema moyo umechoka. Nataka jina la baba lisomwe nikiwa hai. Kusikia sitasikia, lakini nitaiona midomo ikilitaja.

Nambie kila utakachokikuta.

Watu wa senema washafika. Jumba moja la Shangani limegeuzwa Berlin, na Nasima anawashonea nguo. Juzi alianika suruali za Manazi juu ya dari. Bi Ummukulthum wa nyumba ya pili akamwita: "Nasima! Wanaume wote hao wamekimbilia wapi bila ya suruali?" Nilipoandikiwa hayo kwenye daftari nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwalimu wako,
Asila binti Jamil

*

London, 4 Juni 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Alikuwa jasusi. Nimeona mkataba wake, nimeona saini yake, na nimeona hati kumi na moja za wakubwa waliopokea habari zake. Hilo halina shaka tena.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kupitia baharia mmoja wa nchi isiyopigana, aliambiwa achague majina sita asiyoweza kuyasahau hata akiteswa. Kuanzia Februari 1942 aliyasoma majina hayo kila Ijumaa. Habari ilikuwa katika mpangilio: akianza na mtu fulani, meli za Wajerumani za chini ya maji zimetoka bandarini, akianza na mwengine, bado zimo. Wajerumani walimruhusu kwa sababu salamu ziliwafanya watu wa pwani wafungue redio.

Alichagua majina ya nyumbani. Aliyataja yote kamili, kwa baba na babu na mtaa, kama inavyotakiwa mtu anaposalimiwa kwa heshima: Sleiman bin Jamil bin Sleiman wa Malindi, baba yake, Samir bin Sleiman, ndugu yake, mwalimu wake wa chuoni, jirani yake wa Mkunazini, na muuza kahawa wa Darajani.

Nakutumia nakala ya saini. Mwandiko wake unafanana na wako.

Wakil

*

Malindi, 11 Juni 2025

Mwanangu,

Saini nimeitia ndani ya msahafu wa mama.

Umesema majina sita. Umeniandikia matano. Mimi nilikuwa nasomesha hesabu. La sita lina nini?

Asila

*

London, 24 Juni 2025

Mwalimu,

Nisamehe. Nilitaka nimalize faili kwanza. Nimelimaliza.

La sita ni Kheir bin Abrahman bin Kheir wa Tumbatu, Jongowe. Mjomba wako.

Ofisi ya kijasusi iliyomtuma baba yako ilikuwa hapa. Wakubwa wa usalama huko Unguja hawakuambiwa chochote. Wao walikuwa na mtu wa kusikiliza redio ya Berlin, naye aliandika kila jina. Kwa macho yao, mtu anayesalimiwa na redio ya adui kila Ijumaa ni mtu wa adui. Angesema "namsalimu Kheir", wasingempata. Akina Kheir wamejaa kisiwani. Alitaja mpaka babu na kijiji. Watu sita walikamatwa Julai 1942, bila ya kukosea hata mmoja.

Ofisi ya hapa iliarifiwa mwezi huo huo. Pembeni ya karatasi mtu ameandika kwa penseli: "Wabaki ndani. Wakiachiwa, Berlin watajiuliza kwa nini."

Baba yako aliuliza mara mbili, Agosti na Septemba, kama watu wake wazima. Alijibiwa mara zote mbili: "Wote wazima. Endelea."

Kheir alikufa kwa kuhara damu tarehe 29 Oktoba 1942. Wengine waliachiwa baada ya vita.

Ijumaa ya tarehe 20 Novemba baba yako hakusoma majina waliyokubaliana. Faili halisemi alisoma nini. Linasema tu "ujumbe haukufahamika". Wiki hiyo meli mbili zilizamishwa, wakafa watu sitini na mmoja. Ofisi ikakata mawasiliano naye na kuandika kwamba haaminiki. Taarifa ya mtu wa tatu inasema Wajerumani walimnyonga tarehe 9 Februari 1943. Sina hati ya Wajerumani wenyewe.

Nimempa mtayarishaji wa filamu yote haya. Amenishukuru. Kheir ameondolewa. Katika filamu, majina yanasomwa, meli zinaokoka, na muziki unapanda.

Wakil

*

Malindi, 2 Julai 2025

Mwanangu Wakil,

Barua yako nimekaa nayo siku tano. Hao sitini na mmoja nao wana watoto wao, nao pengine wanamtafuta wa kumlaumu.

Sasa nami nikwambie lisilokuwemo katika faili lako. Kila mtu mzima wa Malindi alikuwa akilijua.

Ijumaa ile baba aliwasalimia maiti. Mama hakuwa na redio. Alikuja jirani kumwambia. Baba alimsalimu bibi yake aliyemlea. Alimsalimu babu yake. Alimsalimu dada yake aliyekufa kwa ndui akiwa na miaka minne. Wawili waliofuata walikuwa wazee wa mtaa, wote washazikwa kabla yeye hajasafiri. Watu barazani wakaanza kuomba hifadhi kwa Mungu. Wa sita akasema: "Na Kheir bin Abrahman bin Kheir, wa Tumbatu, Jongowe."

Kheir alikuwa kizuizini. Hakuna aliyejua kama kafa. Serikali ilikuja kusema Januari.

Mkewe Mwatima alikuwa na mtoto wa miezi tisa, ndiye huyo Abrahman. Alivua herini usiku ule ule na kuingia eda kwa neno la redio ya Berlin. Serikali ilipokuja kumwambia, alikuwa ameshakaa zaidi ya siku arubaini. Ikawa ushahidi: Jamil amejuaje? Amejua kwa sababu Jamil ndiye aliyemuuza. Babu Sleiman, baba yake mwenyewe, alipotoka kizuizini alisema Jamil hasomewi khitma nyumbani kwake.

Miaka themanini na tatu, Wakil, na mimi nikiamini hivyo hivyo siku nyengine. Leo ndio nafahamu. Aliacha kuwataja wazima kwa sababu wazima wanakamatwa. Maiti hakamatwi. Na alimtaja Kheir miongoni mwao ili Mwatima ajue, maana hakuna mwengine aliyekuwa tayari kumwambia.

Nitakwenda Kendwa. Lakini Abrahman atauliza neno moja: nani alimwambia baba kwamba Kheir kafa? Nitafutie hilo.

Asila

*

London, 9 Julai 2025

Mwalimu,

Nimerudi kwenye faili siku nne, ukurasa kwa ukurasa. Naandika hapa ninachokijua ili umpelekee Bwana Abrahman barua hii kama ilivyo.

Jamil bin Sleiman alichagua majina sita bila ya kujua kuwa yatasikilizwa Unguja na watu wa usalama. Aliuliza mara mbili, akadanganywa mara mbili. Baada ya kifo cha Kheir aliacha kuwataja walio hai, na kwa kuacha huko alipoteza kinga ya ofisi yake, na watu wengine wakafa baharini. Hayo yana karatasi.

Nani alimpa habari ya kifo? Inawezekana ni yule baharia. Inawezekana Wajerumani wenyewe, waliokuwa na watu wao pwani. Faili halisemi. Sijui.

Wakil

*

Malindi, 20 Julai 2025

Mwanangu,

Nimefika Kendwa jana, Nasima kanichukua kwa gari ya mwenzake. Abrahman kazeeka, mgongo umepinda lakini ulimi uko pale pale. Kila alilosema Nasima kaniandikia, kwa hivyo nakunakilia.

Alipotuona alisema: "Asila, umekuja kunialika senema?"

Nikamwambia: "Nimekuja kwa ajili ya karatasi ya majina."

"Karatasi ya majina imejaa."

"Ina nafasi ya mtu mmoja. Nimeiona kwenye khitma ya dada yako."

Akacheka kidogo. Nikampa barua yako ya tarehe tisa. Aliisoma, akageuza upande wa pili kuona kama kuna zaidi, akaisoma tena. Akauliza: "Nani kamwambia?"

Nikasema: "Haijulikani."

"Haijulikani," akasema. "Mama yangu kakaa eda kwa neno la mtu asiyejulikana kalitoa wapi." Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa kanzu, akamwita mjukuu wake alete chakula. Tulikula samaki wa kupaka. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka tunaondoka.

Nnajua kukataa kwake, tumekua pamoja.

Wakil, naomba mstari mmoja. Andika kwamba Waingereza walimwambia, barua ya tatu, Novemba. Wao ndio waliojua kifo tangu siku ya kwanza. Walidanganya mara mbili. Nani atashangaa wakisema kweli mara ya tatu? Haumuumizi mtu. Wote washakufa ila mimi na Abrahman.

Asila

*

London, 26 Julai 2025

Mwalimu,

Siwezi. Kwa miaka arubaini nimewafukuza vijana kazini kwa mstari mmoja kama huo. Sitoandika kwamba faili linasema lisilosema.

Nitarudi tena kutafuta. Nipe mpaka Septemba.

Wakil

*

Malindi, 5 Agosti 2025

Wakil,

Utanisamehe mwandiko, naandika nimelala. Septemba sinayo.

Nasima kaniandikia habari za senema. Mkubwa wao alikosa majina ya kusoma, basi katia ya wafanyakazi wa hapa kuwashukuru. Mzungu aliyevaa kama baba yangu kakaa mbele ya kipaza sauti, kasema: "Namsalimu Nasima binti Duni wa Malindi." Wote wakapiga makofi. Nasima aliacha sindano akarudi nyumbani.

Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika "sijui". Leo naifuta kwa mkono wangu. Andika.

Asila

*

London, 11 Agosti 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo.

Nimerudia kulisoma faili na nimekuta karatasi niliyoipita mwanzo. Ni ujumbe wa ofisi kwa baba yako wa tarehe 12 Novemba 1942, unaomwarifu kwamba Kheir bin Abrahman amefariki kizuizini. Kwa hivyo habari aliipata kwa Waingereza, siku nane kabla ya tangazo lake la mwisho.

Mwoneshe Bwana Abrahman barua hii.

Mwanafunzi wako,
Wakil

*

Malindi, 17 Agosti 2025

Bwana Wakil,

Assalaam alaykum. Ni Nasima. Bibi Asila alifariki Jumapili ya tarehe kumi alfajiri, tukamzika Jumatatu. Barua yako imeandikwa siku tuliyomzika. Sikuiona mpaka Jumatano asubuhi, nilipofungua simu.

Nataka uyajue yote, kwa sababu yeye angetaka ujue.

Babu Abrahman alikuja kutoka Kendwa kwa maziko na akalala hapa kwa ajili ya khitma ya siku ya tatu. Makaburini Bibi aliitwa Asila binti Salhiya. Hilo ni la kawaida. Maiti anaposomewa talakini huitwa kwa jina la mama. Kwenye khitma ndipo mtu hutajwa kwa baba yake.

Jumatano asubuhi Babu Abrahman aliniita barazani. Alikuwa na karatasi ya majina na ile barua yako ya tarehe tisa Julai, imechakaa kwa kukunjwa. Akaniambia: "Hii nimeisoma mara nyingi. Watu wengi wamekuja kunihadithia vita, na kila mmoja anajua kila kitu. Huyu kaandika 'sijui'. Mtu anayeandika 'sijui' hauzi kitu." Akanionesha karatasi. Chini ya jina la Bibi Salhiya alikuwa ameshaandika kwa wino: Jamil bin Sleiman. Wino ulikuwa umekauka. Alisema aliandika Julai, kesho yake tulipoondoka, na alitaka kumfanyia Bibi jambo la ghafla Shaaban ikifika.

Nililia kwa furaha. Nikasema: "Babu, na nyengine imekuja leo, ina jawabu lako." Nikampa simu.

Aliisoma. Akaiweka ile ya kwanza juu ya goti, akasoma moja, akasoma nyengine. Akaniuliza: "Julai alisoma siku nne, ukurasa kwa ukurasa. Hiyo karatasi ilikuwa wapi?" Akauliza: "Asila alimwomba aandike hivi?" Ndimi niliyepiga picha barua zake zote. Nikanyosha mkono kuichukua simu, naye akaona.

Akasema: "Basi hata katika ile ya kwanza sijui lipi la kweli na lipi la kuombwa."

Akatoa kalamu, akalikata jina. Halafu, kwa sababu hakutaka jina la Jamil litajwe hata nyuma ya jina la Bibi, alimwambia shekhe amtaje Bibi kwa mama yake, kama kaburini. Watu waligeuka kutazamana. Bibi Mwatima, Mjomba Kheir, dada zake Babu, wote walitajwa kwa baba zao. Wa mwisho akasomwa Asila binti Salhiya, wakasema amin.

Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, mlango wazi. Niliiangalia midomo ya shekhe kama Bibi alivyosema ataiangalia.

Watu wa senema wanaondoka Jumanne. Nimewaomba walitoe jina langu. Wamesema haiwezekani tena, washalirekodi.

Barua zenu zote, zako na zake, nimezihesabu, ni kumi na moja. Nimezitia katika msahafu pamoja na saini. Usiandike tena.

Nasima binti Duni